Ampuli, dawa ya puani na begi la Ambu: kipi kinastahili pesa yako mtu akizidiwa na unga

Tuanze na hukumu, maana mwenye haraka hasomi hadi chini. Kama una zahanati Tandale, unasimamia soba hausi Kigamboni au unaongoza kikundi cha waelimishaji rika Temeke, na fungu la pesa ni moja tu, nunua kwanza begi la Ambu la mtu mzima, lile la kubonyeza kwa mkono kumpulizia hewa asiyepumua, pamoja na maski yake. Pili, nunua ampuli kumi (vichupa vya kioo) za naloksoni ya 0.4 mg, dawa inayozima nguvu ya unga, na mabomba ya kuchomea. Tatu, kipima sukari. Naloksoni ya kupuliza puani, ile yenye sifa nyingi mitandaoni, iwe ya mwisho.

Alama zetu: begi la Ambu 5 kwa 5, ampuli 4 kwa 5, ya puani 3 kwa 5. Hatukutoa alama hizi kwa kutazama boksi. Tumevipima vifaa kwa miongozo ya matibabu, kwa sababu kwenye ovadozi mwongozo ndio huamua mambo matatu ambayo mgonjwa hayaoni: dawa gani ipo kwenye trei, nani anaruhusiwa kuishika, na anaanza na kiasi gani. Ukikosea la tatu, hata dawa nzuri huleta matatizo.

Heroini (ndiyo unga), morfini, kodeini, methadoni na tramadoli zote ni za jamii ya afyuni. Zikizidi, zinaizima sehemu ya ubongo inayomkumbusha mtu kuvuta pumzi. Mapafu ni mazima, moyo bado unadunda, lakini amri ya kupumua haiji. Ndiyo maana mtu hafi papo hapo kama aliyepigwa na umeme. Pumzi hupungua, inakuwa kumi kwa dakika, sita, tatu, halafu kimya, na moyo husimama baadaye kwa kukosa oksijeni. Kati ya pumzi kupungua na moyo kusimama kuna dakika chache za kufanya kazi. Bidhaa yoyote tunayoipima hapa inapimwa kwa dakika hizo.

Begi la Ambu

Naloksoni huchukua muda kufika: dakika moja hadi mbili ikipita kwenye mshipa, mbili hadi tano ikichomwa kwenye msuli au kupulizwa puani. Ubongo hausubiri kwa starehe muda huo. Begi linaanza kazi tangu mbonyezo wa kwanza. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: mtu aliyekaa muda mrefu bila kupumua, damu yake imejaa hewa chafu, akizinduliwa ghafla kwa naloksoni kabla ya kupuliziwa, mwili humwaga homoni za mshtuko kwa nguvu, mapigo hupanda, na mara nyingine mapafu hujaa maji. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani uliohuishwa mwaka 2023 kuhusu sumu uko wazi hapa: aliyeacha kupumua apuliziwe kwanza, naloksoni ifuate, na kuisubiri dawa kusichelewesha pumzi.

Kwa mtu mzima mwenye mapigo, pumzi moja kila sekunde 5 hadi 6. Bonyeza kwa sekunde moja, hadi kifua kinyanyuke, uache. Begi la mtu mzima hubeba karibu lita moja na nusu, na mapafu hayahitaji yote. Mililita 500 hadi 600 zinatosha. Kosa la kila siku ni kulikamua begi lote kwa mikono miwili na kwa kasi, kwa sababu ya kiherehere. Hewa ya ziada huingia tumboni, tumbo huvimba, matapishi hupanda, na sasa una matatizo mawili. Kosa la pili ni maski isiyokaa vizuri: kidole gumba na cha shahada vibane maski, vidole vitatu vilivyobaki vinyanyue taya. Taya inyanyuliwe ifuate maski, na si maski kukandamizwa usoni. Mkiwa wawili, mmoja ashike maski kwa mikono yote miwili na mwingine abonyeze.

Ukienda kununua kwenye maduka ya vifaa tiba Kariakoo, usikubali kulitazama begi likiwa ndani ya nailoni. Litoe, ziba mdomo wa kutolea hewa kwa kiganja, kisha bonyeza. Likikataa kubonyea, ni zima. Likinywea huku hewa ikitoroka pembeni, lirudishe. Angalia vali ndogo iliyo kama mdomo wa bata: ifunguke ukibonyeza, ifunge ukiachia. Uliza maski namba 5, na namba 4 kwa wenye nyuso ndogo. Begi la silikoni linafulika na kurudishwa kazini, na hapo ndipo linapoharibiwa, kwa sababu baada ya kufuliwa vali hurudishwa kinyume, na begi linaonekana linafanya kazi wakati hewa haimfikii mgonjwa. Kila baada ya kulifua, rudia jaribio la kiganja.

Ampuli ya 0.4 mg

Hii ndiyo naloksoni iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani: mikrogramu 400 katika mililita moja. Ni dawa ya zamani, haina mwenye hati miliki wa kuipandishia bei, na inachomwa kwenye mshipa, kwenye msuli au chini ya ngozi.

Soma lebo kwa makini. "0.4 mg" na "400 mikrogramu" ni kitu kimoja, lakini zimewahi kutengenezwa ampuli za watoto wachanga zenye mikrogramu 20 tu kwa mililita. Ukimchoma mtu mzima hiyo, umemchoma maji, halafu utaambiwa "dawa imegoma".

Sifa kubwa ya ampuli ni kwamba unaigawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2014, unaohusu ovadozi za jamii ya afyuni nje ya hospitali, unasema dozi ya kuanzia ya 0.4 hadi 0.8 mg inatosha kwa wagonjwa wengi. Ndani ya hospitali, kwa mtu anayejulikana ni mraibu na bado anapumua kidogo, madaktari wa dharura hushuka chini zaidi ya hapo. Vuta ampuli moja kwenye bomba la mililita 10, ongeza mililita 9 za maji ya dripu ya chumvi ya 0.9%. Sasa kila mililita ina 0.04 mg. Toa mililita moja kwenye mshipa, endelea kupulizia, subiri dakika mbili au tatu, hesabu pumzi. Haijafika kumi kwa dakika? Toa nyingine. Ukiona anapumua mwenyewe vizuri, simama hapo hata kama bado amelala. Lengo ni pumzi. Mgonjwa kukaa kitandani na kuanza kukujibu si lengo.

Hapo ndipo wahudumu wengi wanapoteleza. Mtu akizinduliwa kwa dozi kubwa anaingia kwenye arosto palepale: jasho, kutapika, kuhara, maumivu ya mifupa, hasira. Anang'oa kanula, kile kijibomba cha mshipani, na kuondoka. Akifika maskani anatafuta kete ya kutuliza, na kete hiyo haimsaidii sana kwa sababu naloksoni bado imekaa kwenye milango ya ubongo, kwa hiyo anaongeza. Baada ya dakika 30 hadi 90 naloksoni inaisha nguvu. Unga wa kwanza na wa pili sasa vinafanya kazi pamoja, na safari hii yuko peke yake chooni.

Kwa aliye nje ya hospitali, bila kanula na bila mtu wa kuchanganya dawa, hesabu ni nyingine: ampuli moja nzima, msuli wa paja upande wa nje, hata kupitia nguo. Bomba la mililita 2 au 3 na sindano namba 23 zinatosha. Hakuna mabadiliko baada ya dakika mbili au tatu za kupulizia? Choma ya pili. Na kama mgonjwa hapumui kabisa na mapigo yanapotea, mambo ya kugawa mililita mojamoja yaachwe, toa 0.4 mg na kuendelea hadi 2 mg. Mapigo yakishapotea, hapo ni kukandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Naloksoni inangoja zamu yake.

Kasoro zake tunazijua. Ampuli ni kioo, na mikono inayotetemeka huivunja vibaya. Gonga shingo ili dawa ishuke, funga pamba au kitambaa, vunja kwa kuelekeza nje. Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko. Itiwe kwenye boksi la usalama au hata chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, maana kwenye maskani za wanaojidunga virusi vya UKIMWI na homa ya ini C si mambo ya kudhaniwa. Na wapo watakaokushauri uidondoshe ampuli hiyohiyo puani ili kukwepa sindano. Usifanye hivyo. Mililita moja ni nyingi kwa pua, nusu itaishia kooni, na 0.4 mg kwa njia hiyo ni kidogo mno.

Ya kupuliza puani

Kifaa ni kizuri, tusiwe wachoyo. Narcan ya 4 mg ilipitishwa Marekani Novemba 2015, na Machi 2023 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Ulaya wana Nyxoid ya 1.8 mg tangu 2017. Unalaza kichwa nyuma, unaingiza ncha kwenye tundu moja la pua hadi vidole viguse pua, unabonyeza mara moja. Hakuna kioo, hakuna sindano, na mlinzi wa soba hausi anaweza kufundishwa kwa dakika tano. Kwa mtu anayeogopa sindano, hiki ndicho kifaa.

Tatizo lake la kwanza ni dozi. Karibu nusu ya kinachopulizwa huingia kwenye damu ukilinganisha na sindano ya msuli, maana yake 4 mg za puani ni sawa na kumchoma mtu karibu 1.9 mg kwa mkupuo, yaani ampuli tano hivi. Huwezi kutoa robo. Kiwango hicho kilipata umaarufu kwenye nchi yenye fentanili, dawa kali kuliko heroini mara nyingi. Na hata huko kuongeza dozi hakukusaidia: polisi wa jimbo la New York walipolinganisha 4 mg na 8 mg, taarifa iliyotoka Februari 2024, waliopona walikuwa sawa, lakini dalili za arosto pamoja na kutapika zilionekana kwa takriban 38 kati ya 100 waliopata 8 mg, dhidi ya 19 kati ya 100 waliopata 4 mg. Mwenye duka akikwambia ya 8 mg ni "kali zaidi, bora zaidi", mwache aiuze kwingine.

Tatizo la pili ni bei. Ilipoingia madukani Marekani mwaka 2023 boksi la vifaa viwili liliuzwa karibu dola 45. Badilisha kwa shilingi, ongeza usafirishaji, halafu uliza ampuli ngapi zingepatikana kwa pesa hiyo. La tatu ni la kitoto lakini linatokea: mtu anakibonyeza kidogo "kukijaribu" kama anavyojaribu manukato. Kila kifaa kina dozi moja. Ukijaribu, umemaliza. Pua iliyojaa damu au kamasi nayo hupunguza kinachoingia.

Kwa hiyo alama 3. Kama umepewa bure, pokea, weka, itumie, na ujiandae na ndoo ya matapishi.

Kitabu kinachoamua kilichopo kwenye trei

Mwongozo wa 2014 wa Shirika la Afya Duniani ulileta jambo kubwa kuliko milligramu: ulisema watu wanaoelekea kuwepo mtu anapozidiwa, yaani rafiki, ndugu, mhudumu wa jamii, wawe na naloksoni na wafundishwe kuitumia. Pia ulikubali njia zote nne, yaani mshipa, msuli, chini ya ngozi na pua, na kuweka hewa na pumzi mbele ya vyote. Ukisoma sentensi hizo ukiwa Manzese unaelewa mara moja: anayeshuhudia ovadozi ni mshikaji wake wa maskani, daktari hayupo.

Lakini dawa haifiki maskani kwa sababu imeandikwa Geneva. Hapa kwetu Tanzania kitabu cha kazi ni Mwongozo wa Kitaifa wa Matibabu pamoja na orodha ya dawa muhimu, ambacho wahudumu wanakijua kwa kifupi chake cha STG/NEMLIT, toleo la 2021 likiwa mikononi mwa wengi. Kila dawa ndani yake ina herufi ya ngazi: A zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S ya rufaa ya juu. Herufi hiyo ndiyo inayotazamwa dawa inapoagizwa Bohari ya Dawa, na bima nayo hulitazama kabati kwa jicho hilohilo. Mhudumu wa zahanati anaweza kuujua mwongozo wa dunia kwa ghibu na bado trei yake ikawa tupu, kwa sababu ya herufi moja. Kabla ya kulaumu wauguzi, fungua orodha, tafuta naloksoni, linganisha herufi na ngazi ya kituo chako, ndipo uandike oda.

Kwamba mstari mmoja wa kitabu hugeuza wodi nzima si jambo la hapa tu. Uingereza, Septemba 2012, walishusha kiwango cha parasetamoli kwenye damu kinachomfanya mgonjwa apewe kiuasumu, wakabaki na mstari mmoja wa 100 mg kwa lita saa nne baada ya kumeza. Dawa haikubadilika, wagonjwa hawakubadilika, ila idadi ya waliolazwa kwa dripu iliongezeka.

Nasi tuna msingi mzuri wa kujengea. Idara ya magonjwa ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na kliniki ya methadoni (dawa anayopewa mraibu badala ya unga) hapohapo ikaanza Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke zikafuata. Maana yake jiji lina madaktari waliosomea dharura na lina wauguzi wanaoona watumiaji kila siku. Wanaokosekana katikati ni walio na mgonjwa dakika kumi za kwanza.

Dakika kumi hizo, mtaani

Dalili tatu: haamki, pumzi chache au za kukoroma, mboni za macho zimekuwa ncha ya pini. Kukoroma ndiko kunakoua, kwa sababu kila mtu anasema "mwacheni alale, stimu imemkolea". Mtu anayebembea, yaani aliyelewa unga tu na anasinzia, ukimwita anafungua macho. Aliyezidiwa hafungui hata ukimsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Na usisubiri kuona ngozi ya bluu. Kwa watu weusi tazama ufizi, ndani ya midomo, kucha na viganja, vinakuwa vya kijivu.

Maziwa yasimwagwe mdomoni. Mtu asiyejitambua hamezi, na maziwa yataingia kwenye mapafu. Maji baridi, makofi na kumkokota huku na huku vinakula dakika bila kuongeza pumzi hata moja. Maji ya chumvi kwenye mshipa, dawa ya zamani ya vijiweni, ni kujidanganya kwa sindano.

Mlaze chali, kichwa nyuma, kidevu juu, toa kilichomo mdomoni, anza kupulizia. Bila begi, bana pua na upulize kwa mdomo, ukiwa na kitambaa chepesi kama una wasiwasi. Kisha naloksoni. Akianza kupumua mgeuze ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini.

Usafiri unastahili aya yake. Bajaji ndiyo ya kwanza kufika, na bajaji ndiyo mbaya zaidi: mgonjwa anakalishwa, shingo inakunjika, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inajifunga, huku wenzake wawili wamemshika mabega wakidhani wamemsaidia. Tafuta gari ambalo atalala, Noah au teksi yenye kiti kirefu, na anayepulizia aingie naye. Kama foleni ya Mbagala au Ubungo imefunga, ni bora dakika tano za kupulizia chini ya mwembe kuliko dakika arobaini za kukunjwa shingo barabarani.

Mapokezini mtaulizwa maswali, na majibu yanayookoa ni manne: alitumia nini, saa ngapi, alichanganya na nini, na kama yuko kwenye methadoni. Wanaokwepa kusema kwa kuogopa polisi humrudisha daktari kwenye kubahatisha. "Kokteli" ya unga na Valium, dawa ya usingizi na wasiwasi, ni ya kutajwa waziwazi, kwa sababu naloksoni haigusi Valium wala pombe. Mgonjwa wa namna hiyo atapumua vizuri zaidi lakini ataendelea kulala, na daktari asiyejua atamwaga ampuli zote akidhani dozi haitoshi. Flumazenili, dawa inayozima Valium, haitolewi kiholela kwa ovadozi ya mchanganyiko. Inaweza kuleta degedege. Tramadoli nayo ina hila: naloksoni huirudisha nusunusu, na degedege linaweza kuja hata hivyo.

Pima sukari ya kila asiyejitambua, bila kujali alikookotwa. Sukari iliyoshuka inafanana na ulevi, na "teja" kwenye daftari la mapokezi imewapoteza watu waliohitaji glukosi tu. Kwa naloksoni, ikifika jumla ya 10 mg bila mabadiliko yoyote, acha na utafute sababu nyingine.

Wodini: oksijeni inayodanganya, na hesabu ya ampuli

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma 98% kwa mgonjwa anayepumua mara tano kwa dakika, mradi amewekewa oksijeni. Oksijeni imejaa, hewa chafu nayo inajaa, na hakuna kengele inayolia. Hesabu pumzi kwa macho yako, dakika nzima, ukiwa na saa.

Kwa heroini, saa mbili za uangalizi baada ya naloksoni ya mwisho ni desturi ya wengi. Madaktari wa Vancouver, Kanada, walitunga kanuni ya saa moja: aruhusiwe akiwa anatembea kama kawaida yake, oksijeni juu ya 92% bila kuongezewa, pumzi kati ya 10 na 20, mapigo kati ya 50 na 100, joto kati ya 35 na 37.5, na akili timamu kabisa. Ni kanuni nzuri pale mgonjwa anapotaka kuondoka kwa vyovyote, kwani humpa daktari kitu cha kupima badala ya kugombana. Isitumike kwa methadoni.

Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi, wakati naloksoni ni ya saa moja. Huyu anahitaji dripu. Chukua dozi iliyomrudishia pumzi, mpe theluthi mbili yake kila saa. Tuseme alipumua baada ya 0.3 mg, kwa saa atapata 0.2 mg. Weka ampuli tano, yaani 2 mg, kwenye chupa ya mililita 500: kila mililita ina mikrogramu 4, kwa hiyo anahitaji mililita 50 kwa saa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 17 kwa dakika. Dakika 15 baada ya kuanza, mpe nusu ya dozi ile ya kwanza kwa mkupuo, vinginevyo atalala tena kabla dripu haijashika.

Sasa zidisha. 0.2 mg kwa saa 24 ni 4.8 mg, ampuli 12 kwa mgonjwa mmoja, bila zile za kumzindulia. Hospitali inayoagiza ampuli tano kwa robo mwaka haijaagiza dawa, imeagiza saa kumi za mgonjwa mmoja.

Wa kuangaliwa zaidi ni wanaoanza methadoni, hasa wiki mbili za kwanza, maana dozi ya leo inapanda juu ya mabaki ya jana. Wengine ni waliotoka gerezani au soba hausi wakirudia kiasi walichokizoea zamani. Na kuna kundi ambalo kliniki za kifua na za methadoni zinapaswa kuambiana: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini lichome methadoni haraka, hivyo dozi ya methadoni hupandishwa ili mgonjwa asipate arosto. Matibabu ya kifua kikuu yakiisha, ini hurudi taratibu kwenye kasi yake ya kawaida ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ileile iliyokuwa sawa inageuka kubwa. Tarehe ya kumaliza rifampisini iandikwe kwenye kadi ya methadoni.

Kununua na kutunza

Nunua famasi yenye mfamasia, dai risiti, na hakikisha bidhaa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ampuli zikae ndani ya boksi lake, mwanga unaiharibu. Joto la Dar halifai kuchezewa: dashibodi ya gari na kabati la bati juani ni marufuku, lakini friji nayo si lazima, kivuli chenye hewa kinatosha. Narcan mpya zimeongezewa muda hadi miaka minne tangu Januari 2024, ila fuata tarehe iliyochapwa kwenye kifaa chako.

Mkoba wetu una ampuli tatu, mabomba matatu ya mililita 3 na sindano zake, glavu jozi mbili, pamba, chupa ngumu ya taka, na begi la Ambu lenye maski mbili. Unaingia kwenye kimfuko cha mgongoni cha shule.

Kwa vituo vya afya tuna ombi la ziada. Ampuli tano zikae kwenye trei ya dharura, zimefungwa kwa lakiri ya plastiki ya kukatika kwa mkono, na anayekata aandike kwenye daftari ili zirudishiwe asubuhi. Kwa utaratibu uliozoeleka dawa iko stoo, ufunguo anao mtunza stoo, na mtunza stoo hutoka kazini saa tisa na nusu alasiri.